Motokari yetu iko wapi? Namna tunavyojitayarisha kuomba mkopo



Tangu mwezi wa pili mnatuuliza sokoni, kwenye kilio, hata mlangoni mwa kanisa: "Ile motokari yenu iko wapi?" Wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa kicheko. Juma hili tunawajibu wote pamoja. Motokari haijafika, na mkopo wenyewe hatujauomba bado. Lakini miezi hii yote hatukukaa bure. Tunajua kuko vikundi vingine vyenye wazo kama letu, kwa hiyo tunawaeleza tulichofanya, pamoja na pale tulipokosea.

Kikundi chetu ni cha wamama 20 wa Katuba, hapa Lubumbashi. Wengi tunauza mboga, nyanya na makala. Wawili ni washonaji, na mmoja ni mwalimu, ndiye aliyepewa kalamu. Kila asubuhi, giza likiwa bado, wauza mboga wanatafuta mtu wa kubeba magunia yao kutoka mashamba ya pembeni ya mji mpaka sokoni. Mwenye motokari akisema bei, hakuna wa kumjibu, maana nyanya haingoji. Siku moja tulijumlisha feza zote tulizolipa kwa kubebewa mizigo ndani ya mwezi mmoja, na jumla ile ilitunyamazisha. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: tununue Noah iliyokwisha kutumika, asubuhi ibebe mboga zetu, mchana ifanye taksi, na deni lijilipe.

Hilo neno "lijilipe" ndilo lilitudanganya.

Hesabu ya ubaoni

Tulianza vizuri, kwa chaki. Motokari pamoja na makaratasi yake tuliambiwa dola 6,500. Ndani ya sanduku tulikuwa na 2,500. Basi zinabaki 4,000 za kukopa, kwa miezi kumi. Wenye taksi walituambia kwamba shofere analeta dola 30 kila jioni, mafuta yakiwa juu yake. Tukitoa siku za yenga, mwezi una siku 26 za kazi. 26 mara 30 ni 780. Deni, kwa hesabu tuliyopewa mahali pa kwanza, lilikuwa 520 kila mwezi. Zinabaki 260 za kugawana! Tulipiga vigelegele, na kuko mama aliyeanza kuchagua rangi.

Mmoja wetu hakupiga. Ndugu yake mdogo ana taksi, naye alitutazama tu, halafu akasema: "Wamama, hiyo hesabu ni ya motokari ya mbinguni. Ya hapa duniani inalalaka."

Tulimwambia atuonyeshe. Alinunua daftari la shule la kurasa 48, na mwezi mzima alikuwa anaandika kila jioni kama ile taksi ya ndugu yake ilifanya kazi ao hapana, na kwa nini. Daftari hilo tungali nalo. Siku moja tairi ilipasuka na ya akiba haikuwa na upepo. Siku mbili gereji, juu ya freni. Siku moja kilio cha jirani, motokari ikabeba jamaa bure, na nani angekataa? Siku moja mafuta yalikosa, watu wakapanga mstari tangu asubuhi mpaka jua likazama. Siku moja polisi ya barabara waliishika kwa sababu vinyeti ilikuwa ya mwaka uliopita. Jumla siku sita. Kwa hiyo zilibaki siku 20 za feza, si 26.

20 mara 30 ni 600. Toa 70 za mafuta ya mashini na matengenezo madogo, toa 30 za kuweka pembeni kwa ajili ya tairi zitakazokuja, toa 20 za mlinzi wa usiku. Zinabaki 480. Na deni ni 520. Wamama, ile motokari ya vigelegele ingetudai dola 40 kila mwezi kutoka mifukoni mwetu, na huo ulikuwa mwezi wa kiangazi. Sote tunajua barabara zetu zinakuwa namna gani tangu mwezi wa 11 mpaka wa tatu.

Tunaandika mambo haya bila haya kwa sababu sisi wenyewe hatukudanganywa na mtu. Tulihesabu siku nzuri tu. Mama yeyote anayeuza sokoni anajua kwamba siku mbaya ziko, lakini mbele ya ubao tulizisahau.

Asilimia 3, lakini ya nini?

Jambo la pili tulilijifunza kwa kutembea. Tulienda mahali patatu panapokopesha: banki moja, kampuni moja ya mikopo midogo, na koperative moja ya akiba. Hatutataja majina. Wawili kati yao walitamka maneno yale yale: "Riba ni asilimia 3 kwa mwezi." Sisi tulitoka tukisema, basi wote ni sawa.

Hawako sawa hata kidogo. Tuchukue zile dola 4,000 kwa miezi kumi. Mahali pa kwanza wanahesabu asilimia 3 juu ya 4,000 kila mwezi, tangu wa kwanza mpaka wa kumi, hata kama mmekwisha kurudisha nusu. Hiyo ni 120 mara kumi, yaani dola 1,200. Mahali pengine wanahesabu asilimia 3 juu ya deni linalobaki tu. Mwezi wa kwanza 120, wa pili 108, wa tatu 96, inashuka vile vile mpaka wa mwisho ambako ni 12. Jumlisheni wenyewe, mpe na watoto wa darasa la tano wafanye kama zoezi: inafika 660. Kwa neno lile lile, "asilimia 3", tofauti ni dola 540.

Basi ukiingia ofisini, usiulize tu riba ni ngapi. Omba karatasi inayoonyesha kila mwezi utalipa kiasi gani, na jumla ya yote. Mtumishi wa kredi ambaye anasita kuandika karatasi hiyo amekwisha kukujibu. Uliza pia feza ya kufungua dosie, asiransi ya mkopo, na kinachotokea ukichelewa siku tatu.

Uliza tena kama wanafunga sehemu ya akiba yako. Hili lilikaribia kutuangusha. Mahali pamoja walitaka tuweke dola 800 ndani ya konti, zikae pale zimefungwa mpaka mwisho wa deni. Sisi tulikuwa tunahesabu zile 2,500 zote kama sehemu ya bei ya motokari. Feza ile ile haiwezi kununua motokari na tena kulala ndani ya konti. Na kitu kingine ambacho wengi tunakisahau: shofere anakusanya franka, deni ni dola. Franka ikianguka, nauli haipandi siku ile ile, lakini tarehe ya kulipa inafika.

Kiwanja cha mama mmoja

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tulijadiliana sana kama tuliandike ao hapana. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuandike, ila bila jina.

Kwa mkopo wa 4,000 walituomba garanti ya kweli: kiwanja chenye hati ya konservateri wa mashamba. Kile kitabu kidogo cha mwenye nyumba kinachotolewa na komini hawakukitaka, na kwa sheria wana haki. Ndani ya kikundi, mama mmoja tu alikuwa na hati ile. Ni mjane. Nyumba waliijenga na marehemu bwana yake, tofali kwa tofali. Alisimama ndani ya mkutano akasema: "Mimi ninatoa kiwanja. Ninyi ni ndugu zangu, hamtaniacha."

Wengi tulilia. Wengine tulianza kuimba. Na tunakiri kwamba kwa juma zima karibu sisi wote tulikubali. Tulikuwa na haraka, na sadaka ya mwenzetu ilitufurahisha kuliko ilivyotuogopesha.

Aliyetuamsha ni mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 22. Hakuja kwa ukali. Alikuja jioni kwa mwalimu, akaketi, akauliza kwa heshima: "Mama mwalimu, motokari ikipata ajali, wadogo zangu watalala wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulimpa chai.

Kesho yake tulienda kuuliza kwa mtu anayejua sheria. Alitueleza kwamba ile sehemu ya nyumba iliyokuwa ya marehemu si ya mjane peke yake. Kanuni ya Familia inaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na inawapa robo tatu ya urithi. Mjane yuko katika kundi la pili, ingawa sheria inamhifadhia haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyoishi pamoja. Kwa hiyo kutia sahihi bila watoto kungekuwa kosa mbele ya sheria, na mbele ya wale watoto kungekuwa kitu kibaya zaidi.

Tulikutana tena siku ya posho, chini ya mwembe. Ilikuwa mkutano mgumu. Wengine walisema tunaogopa bure, kwamba bila kuthubutu tutabeba magunia kichwani mpaka uzee. Mama mwenyewe alikasirika kidogo, alidhani tumeikataa zawadi yake. Mwisho tulipiga kura: 14 walikataa kiwanja kiwekwe, sita walitaka. Wale sita wangali nasi, na hawajanyamaza. Hilo ni jambo zuri.

Wababa na sahihi zao

Jambo hili linagusa nyumba zetu zote. Zamani, chini ya Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake ili ajifunge kwa mkataba. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa sheria inasema kwamba bibi na bwana wanapaswa kupatana juu ya mikataba inayowafunga, na wakishindwa kabisa kupatana, anayeumizwa anaweza kwenda kwenye tribinali ya amani.

Tusikilizane vizuri: "kupatana" kunaenda pande zote mbili. Ofisini bado wanaomba sahihi ya bwana, na wengi wetu tunanung'unika. Lakini ni wamama wangapi walijua kwamba bwana amekopa siku ile watu walikuja kubeba friji? Kama sahihi yake inaombwa kwa mkopo wetu, na yetu iombwe kwa mkopo wake.

Kwa kazi yenyewe, tulimpa kila mama juma mbili azungumze nyumbani, na tulikatazana kwenda na karatasi ya kutia sahihi usiku ule ule. Kwanza hesabu, kisha maswali, karatasi baadaye. Wababa wawili walikataa kabisa. Mmoja aliuliza swali ambalo halikutufikia sisi wote 20: "Hiyo motokari itaandikwa kwa jina la nani?"

Jina juu ya karte roze

Tulikuwa tumesema tu, itaandikwa kwa jina la mama prezidenti, ndiye tunayemwamini. Ni kweli tunamwamini. Lakini akifa, karte roze yenye jina lake itakuwa mikononi mwa jamaa yake, na wajomba hawatasoma madaftari yetu ya michango. Tumeona vile ndani ya familia zetu wenyewe kwa vitu vidogo kuliko Noah.

Tulishauriwa kuunda koperative yenye makaratasi. Tangu nchi yetu ilipoingia katika OHADA mwaka 2012, sheria ile inaruhusu koperative ndogo kuanza na watu watano tu. Sisi tuko 20, kwa hiyo idadi si tatizo. Tatizo ni uvivu wa kuandika kanuni: nani anatoka, anarudishiwa nini, nani anamwajiri shofere, nani anaweza kumfukuza. Tumekwisha kuandika kurasa nne. Kipengele cha shofere peke yake kilituchukua mikutano miwili, kwa sababu kila mama ana mtoto wa ndugu anayejua kuendesha.

Motokari yenyewe

Tutasema machache, maana fundi anajua kuliko sisi. Motokari nyingi za hapa kwetu zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Mnunuzi aangalie namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma, kama ni ile ile iliyo kwenye karatasi za duane. Namba moja ikitofautiana, ondoka, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na mlipe. Usukani wa hizo Noah uko kuume, na kwa zile zenye mlango mmoja tu wa kuteleza, mlango huo uko kushoto, yaani upande wa katikati ya barabara yetu. Mtakapokuwa mnashusha watoto ao mizigo, mkumbuke hilo.

Kwenye hesabu muweke pia plaki, asiransi, vinyeti na kontrole teknike. Si mambo ya kuongezea baadaye. Ile siku moja ya polisi ndani ya daftari letu ilitoka hapo.

Tulipofika

Baada ya kura ya kukataa kiwanja, tulirudi ubaoni. Tukikopa 3,000 badala ya 4,000, mahali wanapohesabu riba juu ya deni linalobaki, mwezi wa kwanza tutalipa 390, na kila mwezi itashuka kwa dola 9. Riba yote itakuwa 495. Motokari ya duniani inatupatia 480. Basi mwezi wa kwanza zitabaki 90, na hizo tumepatana haziguswi, zinaingia kwenye kasha la siku mbaya. Kwa mkopo wa kiasi hicho, ofisi ile haiombi kiwanja. Inashika karte roze ya motokari mpaka deni liishe, na wamama wote tunadhaminiana kwa sahihi. Bado ni mzigo. Mmoja wetu akishindwa, wengine tutalipa. Lakini ni mzigo tuliogawana, na hakuna mtoto atakayelala nje.

Zilikosekana dola 1,000. Tuko 20, kila mmoja anatoa dola 10 kwa mwezi juu ya mchango wa kawaida, inafanya 200. Miezi mitano. Sasa tuko katika mwezi wa tatu. Mama mmoja alichelewa mwezi uliopita kwa sababu mtoto alilazwa, kikundi kilimlipia, na juma hili amerudisha. Tumeandika hilo pia ndani ya daftari, na si kwa kumwaibisha. Mtumishi wa kredi alituambia kwamba kitu cha kwanza anachotazama ni madaftari: tarehe, michango, waliochelewa na namna walivyorudisha. Daftari ambalo kila mtu amelipa kila siku bila kosa linamtia mashaka. Alituambia pia kwamba atakuja kutembelea meza zetu sokoni bila kupiga simu, na kwamba atauliza majirani. Wauza nyanya, mmesikia. Anza leo kuandika unachouza kila siku, hata kwa bik kwenye kipande cha karatasi ya katoni.

Kwa wamama wenzetu wasiojua kusoma: tuko nao watano ndani ya kikundi. Hatukubali watie kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti, yote, kwa Kiswahili, mbele yao. Mkataba wa ofisi umeandikwa kwa Kifaransa. Mwalimu ameanza kuutafsiri kifungu kwa kifungu, na kuko viwili ambavyo hata yeye hakuvielewa. Tumeviandika pembeni ili tuvipeleke kwa ofisi vielezwe kabla ya sahihi yoyote.

Yule mama wa kiwanja sasa ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku. Mtoto wake anajifunza kuendesha. Permi hajapata bado, na kipengele cha shofere kinamhusu kama wengine wote.

Kikundi chochote kinachotaka kuona lile daftari la kurasa 48, ao kunakili kanuni zetu, kije siku ya posho saa nane ya mchana, nyuma ya shule, chini ya mwembe. Mje na kalamu. Na mje na hesabu yenu yenye siku mbaya ndani.